Nyumba Njema Si Mlango: Kweli na Udanganyifu katika Ndoa

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tulio kanisani tunaiona mitungi Jumapili hadi Jumapili: bwana amevaa suti iliyopigwa pasi, bibi amevaa gauni la kitambaa kilekile cha shati la mumewe, watoto wametangulia shule ya Jumapili. Tunawasalimu, "Bwana Yesu asifiwe," wanajibu, "Amina," nasi tunarudi nyumbani tukisema ndoa ile imebarikiwa. Kama mtungi umejaa maji au una ufa, kata peke yake ndiyo inayojua.

Tunataka kuuliza swali moja. Ikiwa ndoa imesimama juu ya uongo, je, ni wajibu wa Mkristo kuubomoa uongo huo? Na kama ni wajibu, ni wa nani, naye aubomoe kwa namna gani? Wapo wanaojibu upesi kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, basi kweli isemwe, liwalo na liwe. Wapo wanaojibu kwamba ya chumbani yaachwe chumbani. Sisi tuliwahi kusimama upande wa kwanza na tukaumiza watu. Jambo hilo tutalieleza mbele kidogo. Kwa hiyo hatuandiki kama walimu wa wengine.

Ili tulitazame swali hili bila kumnyooshea kidole jirani yeyote, tutapitia michezo mitatu ya kuigiza iliyopata sifa duniani kote, yote ikihusu mume na mke wanaoishi katika udanganyifu. Huenda msomaji akashangaa michezo ya jukwaani inatafuta nini katika kitabu cha imani. Tertullian wa Karthago, mmoja wa waandishi wa kwanza wa Kanisa, aliandika kuwakataza Wakristo kuhudhuria maonyesho. Tena neno la Kigiriki ambalo Biblia zetu hulitafsiri "mnafiki" lilikuwa neno la kawaida la kumwita mwigizaji, mtu asemaye maneno yasiyo yake akiwa nyuma ya uso wa bandia. Lakini tutofautishe. Mwigizaji wa jukwaani hamdanganyi mtu, kwa sababu kila aliyeketi ukumbini anajua kwamba anaigiza. Adanganyaye ni yule anayeigiza sebuleni kwake. Basi jukwaa laweza kutufaa kama kioo: tunatazama uongo wa watu wasiokuwapo, na polepole tunautambua wetu.

Msamaha uliokuja hatari ilipokwisha

Mwezi Desemba mwaka 1879, mjini Copenhagen, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Henrik Ibsen, mwandishi wa Norwei. Jina lake ni Et dukkehjem, maana yake nyumba ya mwanasesere. Mume ni Torvald Helmer, mwanasheria anayekaribia kuanza kazi ya umeneja wa benki. Mke ni Nora. Wana watoto watatu, na ni sikukuu ya Krismasi. Mume humwita mkewe majina ya ndege na wanyama wadogo, naye mke huchezacheza na kurukaruka kama anavyotakiwa. Hata biskuti tamu anazopenda anazila kwa kujificha, maana mume amezikataza.

Lakini Nora ana siri kubwa kuliko biskuti. Miaka ya nyuma mumewe aliugua sana, na madaktari wakasema hataishi asipopelekwa nchi ya joto. Mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mumewe, na mume hakutaka kusikia habari za mkopo. Nora akakopa kwa siri kwa mtu aitwaye Krogstad, akaghushi sahihi ya baba yake kuwa mdhamini. Baba huyo alikuwa amekwisha kufa siku chache kabla ya tarehe iliyoandikwa. Mume akapelekwa Italia, akapona. Tangu hapo Nora hulipa deni kidogo kidogo kwa kujinyima katika fedha za matumizi na kwa kunakili maandishi ya watu usiku. Mume humwona mkewe mfujaji wa fedha, kumbe pumzi anayovuta ameinunua mke huyo.

Katika nyumba ile si mke peke yake anayedanganya. Mume naye anaishi katika njozi, tena njozi yake ni tamu zaidi kwa sababu haijui. Dakika chache kabla ya siri kufichuka anamwambia mkewe kwamba mara nyingi hutamani hatari kubwa imfikie, apate kuhatarisha uhai wake kwa ajili yake. Nora anayaamini maneno hayo. Kwa muda mrefu amekuwa akiungoja muujiza mmoja: kwamba siku kweli itakapojulikana, mumewe atasimama mbele ya watu na kusema, kosa ni langu mimi.

Barua ya Krogstad inafunguliwa. Mume anamwita mkewe mwongo na mhalifu. Anasema hatamwachia tena malezi ya watoto, ila wataendelea kukaa nyumba moja ili watu wa nje wasijue. Muda si muda inafika barua ya pili: Krogstad ameirudisha hati ya deni. Mume anapaza sauti kwa furaha kwamba ameokoka. Anajitaja yeye kwanza. Ni pale mkewe anapomuuliza juu yake mwenyewe ndipo anapomwingiza katika wokovu huo. Kisha anatangaza kwamba amemsamehe. Nora anavua nguo za dansi, anavaa za kila siku, anamketisha mumewe mezani, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane wanazungumza kama watu wazima wawili. Usiku huohuo anaondoka, na mlango unasikika ukifungwa.

Watu wamebishana kwa zaidi ya miaka 140 kama Nora alifanya vema kuondoka. Mwaka 1880 mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kuigiza mama anayewaacha watoto wake, hata Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine. Ubishi huo ni muhimu, lakini leo tutazame kilichotokea kati ya barua mbili. Barua ya kwanza ilimleta mshitaki, ya pili ikamleta msamehevu, na kati yao mke hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni hatari iliyomkabili mume. Alisamehe wakati msamaha ulipokuwa haumgharimu kitu.

Mtume Paulo, katika Waefeso 5, aliwapa waume kipimo kingine: wawapende wake zao kwa namna ambayo Kristo alilipenda Kanisa, akajitoa. Muujiza aliokuwa akiungoja Nora, kwamba yuko mtu atakayeichukua hatia ya mwingine iwe yake, ndiyo Habari Njema tunayohubiri kila wiki. Nora aliitazamia nyumbani kwake asiipate. Tukisoma mchezo huu tusikimbilie kumhukumu mke aliyeghushi sahihi. Tujiulize kwanza: aliye nyumbani mwetu akituletea kosa lake usiku wa leo, atampata nani?

Kweli ya mtu asiyelipa

Miaka mitano baadaye, mwaka 1884, Ibsen huyohuyo alichapisha mchezo unaoitwa Vildanden, yaani Bata Mwitu. Ni kana kwamba alitaka kuwaonya wale walioelewa vibaya mchezo wa kwanza, wakadhani dawa ya kila nyumba ni kuufungua mlango kwa teke.

Hjalmar Ekdal ni mpiga picha. Mkewe ni Gina, na binti yao Hedvig, mwenye miaka kama kumi na minne, anaelekea kupofuka. Babu naye amo humo, mzee aliyewahi kufungwa jela na kuvunjiwa heshima. Darini kwao wanafuga kuku, sungura na bata mwitu mmoja aliyejeruhiwa kwa risasi, na babu huwinda humo akijifanya yuko msituni. Hjalmar hujilaza kwenye kochi akiamini kwamba iko siku atavumbua jambo kubwa katika fani ya picha, aisafishe aibu ya ukoo. Gina ndiye anayefanya kazi, anapokea wateja na kuandika hesabu za siagi na bia. Gina ana siri: kabla ya kuolewa alikuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri Werle, na tajiri huyo alimtaka akampata. Kisha tajiri akapanga aolewe na Hjalmar, akalipia na mafunzo ya Hjalmar. Hedvig ni mtoto wa nani, hata Gina hawezi kuapa.

Mtoto wa yule tajiri, Gregers, anarudi mjini baada ya miaka mingi. Anamchukia baba yake kwa uovu wake, na moyo wake unawaka kwa ajili ya kweli. Anaona ni wajibu wake kumwokoa rafiki yake kutoka katika uongo. Anamchukua Hjalmar matembezi marefu, anamweleza yote. Kisha anaingia nyumbani mwao akitarajia kukuta nyuso zinazong'aa na ndoa mpya iliyojengwa juu ya kweli. Anakuta giza. Hjalmar anamkataa mkewe, halafu anamkataa mtoto aliyempenda kuliko kitu chochote. Gregers hakati tamaa. Anamshauri binti amtoe bata wake mpendwa awe sadaka, ili baba yake auone upendo wake. Asubuhi Hedvig anaingia darini na bastola. Anajipiga risasi yeye mwenyewe.

Humo ndani yuko daktari mmoja, Relling, mlevi, anayeamini kwamba mtu wa kawaida hawezi kuishi bila uongo fulani wa kumshikilia, na kwamba ukimnyang'anya uongo huo umemnyang'anya na furaha. Wasomaji wengi huona lazima wachague: ama Gregers na kweli yake inayoua, ama Relling na uongo wake unaopoza. Sisi hatuoni sababu ya kumfuata hata mmoja wao. Ibsen mwenyewe ameweka mlango wa tatu pembeni mwa mchezo, na wengi huupita bila kuuona. Yule tajiri mzee aliye chanzo cha maovu yote anaoa tena, anamwoa mtunza nyumba wake, Bibi Sørby, na wawili hao wamekwisha kuambiana yote waliyopitia, kila mmoja kwa kinywa chake mwenyewe. Ndoa ya kweli ambayo Gregers aliitafuta kwa Hjalmar ilikuwa imejengwa nyumbani kwa mtu aliyemdharau. Pale kila mtu alisema dhambi yake mwenyewe. Kwa akina Ekdal, mtu wa nje alisema dhambi ya mwingine.

Gregers hakusema uongo hata neno moja. Kosa lake lilikuwa kwamba kweli aliyoitoa haikuwa yake, na haikumgharimu lolote. Mwenye kukataliwa na mume alikuwa Gina, mwenye kupoteza heshima alikuwa Hjalmar, mwenye kupoteza uhai alikuwa mtoto. Yeye alibaki na dhamiri safi.

Tulivyokosea sisi

Hapa ndipo tunapoleta habari yetu. Tuliwahi kuombwa kuwa wasimamizi wa ndoa, tukasimama madhabahuni na vijana wawili, tukaahidi mbele ya usharika kuwalea. Baada ya miaka michache tukasikia kwa rafiki wa yule bwana kwamba amepoteza kazi muda mrefu. Kila asubuhi alivaa, akabeba mkoba, akaondoka kama aendaye ofisini. Mwisho wa mwezi alikopa kwa marafiki, akaleta nyumbani fedha hizo akiziita mshahara.

Tulikasirika kwa niaba ya mke. Tuliita wazazi wa pande zote mbili pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Tulifungua kwa sala, tukasoma Neno, kisha tukayaweka yote mezani: majina ya waliomkopesha na kiasi alichochukua kwa kila mmoja. Yule bwana hakubisha. Aliinamisha kichwa mpaka tulipofunga kwa sala. Usiku ule tulirudi nyumbani tukiambiana kwamba tumetimiza wajibu mgumu.

Asubuhi aliondoka saa ileile ya kila siku na mkoba wake, hakurudi kwa karibu mwaka mzima. Mke alikuja kwetu siku ya tatu. Hakuketi. Alisema, "Mama, mimi nilijua tangu mwezi wa pili. Kila asubuhi nilimpigia pasi shati nikijua haendi kazini. Nilikuwa namngoja aniambie mwenyewe. Ninyi mmemvua nguo mbele ya baba yangu."

Maneno hayo tumekaa nayo miaka mingi. Hatusemi kwamba uongo wa yule bwana ulikuwa jambo dogo. Madeni yalikuwa yakiongezeka, na mke aliyengoja kimya naye alikuwa ameingia katika mchezo: mmoja akijifanya anakwenda kazini, mwingine akijifanya anaamini. Lakini katika Mathayo 18 Bwana wetu ameweka hatua ya kwanza kwa mwenye kumwendea ndugu aliyekosa, nayo ni kumwendea faraghani, wawili peke yao. Sisi tulianza na mkutano. Tulikuwa na kweli yote mkononi, na hatukuwa tumekaa naye hata nusu saa kumuuliza anaogopa nini.

Mtoto asiyekuwapo

Mchezo wa tatu ni wa Edward Albee wa Marekani, ulioonyeshwa kwanza New York tarehe 13 Oktoba 1962. Unaitwa Who's Afraid of Virginia Woolf? Jina hilo ni mzaha: ni wimbo wa watoto kuhusu kumwogopa mbwa mwitu, ambamo mbwa mwitu ameondolewa, pakawekwa jina la mwandishi mmoja wa Kiingereza. Albee alieleza kwamba swali lenyewe ni nani anaogopa kuishi bila njozi za uongo. Ni mchezo wenye matusi na ulevi mwingi. Mwaka 1963 waamuzi waliupendekeza upewe tuzo ya Pulitzer, bodi ikakataa, na mwaka ule hakuna mchezo uliopewa. Tunaijua sababu ya watu kuukwepa. Hata hivyo ndani yake kuna jambo ambalo wachungaji na wazee wa kanisa wangefaa kulitafakari.

Ni saa nane usiku, Jumamosi kuamkia Jumapili, katika mji mdogo wa chuo. George ni mwalimu wa historia ambaye hakupanda cheo. Mkewe Martha ni binti wa mkuu wa chuo. Wamewaalika mwalimu kijana na mkewe, na mbele ya wageni hao wanaumizana kwa maneno mpaka alfajiri. Wanamtaja mtoto wao wa kiume, ambaye kesho yake atatimiza miaka 21. Anazungumzwa alivyozaliwa, alivyougua utotoni, macho yake yana rangi gani. Mwishoni tunaelewa kwamba mtoto huyo hayupo wala hakupata kuwapo. Hawakujaliwa kuzaa, wakamtunga. Miaka 21 wamemlea kwa maneno, kwa sharti moja tu: asitajwe kwa mtu wa nje.

Wale wageni nao wana mtungi wao. Kijana alimwoa mkewe kwa kuwa tumbo lake lilikuwa limevimba, wakadhani ni mimba. Baadaye uvimbe ukatoweka. Tena alivutwa na fedha za baba mkwe, aliyekuwa mhubiri na aliyetajirika kwa mahubiri. Tukifika hapo, sisi watu wa kanisa tunainamisha macho kidogo.

Tuwe wakweli: katika jamii zetu swali la kwanza baada ya harusi ni lini mtaleta mgeni. Mke asiyezaa huulizwa na mawifi, na mume huulizwa na wajomba. Mtoto wa George na Martha alizaliwa na maumivu, hakuzaliwa na ubaya. Kwanza alikuwa kimbilio lao. Baadaye akawa silaha, kila mmoja akimtumia kumchoma mwenzake. Ndivyo uongo wa nyumbani unavyokua: huingia kama mgeni mwenye huruma, kisha hudai kodi.

Usiku ule Martha anavunja sharti, anamtaja mtoto kwa mgeni. George anaamua kumuua. Anatangaza kwamba imefika simu ya upepo, kijana amekufa kwa ajali ya gari, kisha anasoma maneno ya Kilatini ya ibada ya wafu. Martha analia kwamba hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Nia ya George si safi. Kisasi kimo, na hasira ya usiku mzima imo. Lakini tazama tofauti kati yake na Gregers. Mtoto anayemuua ni wake pia. Hawapo tena wa kuchekwa nao, kwa maana wageni wanaondoka. Naye anabaki. Anaweka mkono begani mwa mkewe, mkewe anakiri kwamba anaogopa, na nje kunapambazuka. Ni Jumapili asubuhi, na hawajaahidiwa lolote, ila wako wawili bila wa tatu wa kubuni.

Kisimani Sikari

Maandiko hayatufichi habari za ndoa zenye udanganyifu. Katika Mwanzo 12 Abramu alimwagiza mkewe ajiite dada yake ili yeye asalimike, na aliyeulipia uongo huo ni Sarai, aliyepelekwa nyumbani kwa Farao. Anania na Safira, katika Matendo 5, walipatana kabisa, mume na mke kwa nia moja, na walipatana katika uongo. Basi kupatana peke yake si utakatifu. Petro alimuuliza Safira peke yake, akampa nafasi ya kusema kweli kwa kinywa chake. Hakuitumia.

Lakini kielelezo chetu tunakipata katika Yohana 4. Mwanamke Msamaria alikuja kisimani saa sita mchana. Bwana Yesu alizijua ndoa zake zote tano na huyo wa sita asiyekuwa mume wake. Aliyasema hayo waziwazi. Tuangalie aliyasema lini: wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula, na pale kisimani walikuwa wawili tu. Tena kabla ya kuyasema alikuwa amekwisha kumwomba maji, na kumwahidi maji yaliyo bora. Hakwenda mjini kuwaambia watu habari za mwanamke yule. Mwanamke mwenyewe aliuacha mtungi wake, akaenda kuwaambia. Naye Bwana hakuisema kweli akashika njia. Walipomwomba akae, alikaa kwao siku mbili.

Hapo ndipo tunapoona jibu la swali letu. Kweli katika ndoa ni wajibu, na hatuungani na daktari Relling kudhani kwamba watu wadogo wanafaa kulishwa uongo. Lakini kweli ina mwenyewe. Ya kwangu niiseme mimi, mapema, kabla barua haijafika. Ya mwenzangu nimfungulie njia aiseme yeye, nikiwa nimemwonyesha kwa matendo kwamba akiisema hatapoteza mahali pa kulala. Na mtu wa nje, awe msimamizi, mzazi au mzee wa kanisa, asiifungue kweli ya nyumba ya watu kama hayuko tayari kubaki nao mpaka kunapambazuka, na kulipa sehemu ya gharama yake. Kristo alituambia kweli yetu yote, kisha deni akalilipa yeye.

Liko jambo moja ambalo halingoji. Uongo unapoficha kipigo, au mtoto anayeumizwa, au ugonjwa unaoweza kumwambukiza asiyejua, kunyamaza si uvumilivu, wala faragha si heshima. Aliye hatarini atolewe kwanza, maneno yatafuata. Wengi wamezikwa wakisifiwa kwa kustahimili, na sisi tulioimba mazishini tulijua. Lakini hata hapo kanuni ni ileile: tunakwenda kwa ajili ya uhai wa mtu, si kwa ajili ya usafi wa dhamiri zetu.

Wahenga walisema pia, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulifungua bila kuingia. Yule bwana alirudi, na yeye na mkewe bado ni washarika wenzetu. Tuliwaomba radhi, kila mmoja kwa wakati wake, wakatusamehe. Jumapili baada ya ibada wanatusalimu vizuri mlangoni pa kanisa, wanauliza habari za watoto. Nyumbani kwao hatujakaribishwa tena, wala hatudai. Tunaomba tu kwamba siku mmoja wao akiwa na neno zito la kumwambia mwenzake, mwenzake awepo, na sisi tusiwepo.